Sahibu kwa Maana Mbili: Malkia na Mtumishi katika Filamu ya Victoria & Abdul

Neno sahibu lilitoka katika Kiarabu likaingia katika Kiswahili likiwa na maana ya rafiki, mwandani, mtu wa kufuatana naye. Neno lilo hilo lilifika Bara Hindi kwa njia ya Kiajemi, na huko likapanda daraja: sahib akawa bwana, mwenye amri, na katika zama za ukoloni hasa Mwingereza. Mzizi mmoja, basi, umezaa huku mtu anayekaa kando yako, na kule mtu anayekaa juu yako. Filamu ya Victoria & Abdul, iliyoongozwa na Stephen Frears na kutolewa mwaka 2017, imejengwa juu ya tumaini kwamba maana hizi mbili zaweza kukaa ndani ya uhusiano mmoja bila kugombana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zinagombana tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba filamu yenyewe, pale inapokuwa hodari, inalijua jambo hilo, ingawa inalifunika kwa mavazi, kwa mandhari na kwa kicheko.

Yafaa kwanza kukumbusha mambo yalivyokuwa. Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya utawala wake. Tangu 1877 alikuwa ametangazwa pia kuwa mtawala mkuu wa India, kwa cheo cha Kaisar-i-Hind, naye hakuwahi kuikanyaga nchi hiyo hata siku moja. Katika sherehe za mwaka huo waliletwa watumishi wawili kutoka India kuhudumu mezani pake: Abdul Karim, kijana wa miaka 24 hivi aliyekuwa karani katika gereza la Agra, na Mohammed Buksh. Malkia alikuwa na umri wa miaka 68. Mwaka uliofuata yule kijana aliacha kubeba sahani akawa mwalimu wa Malkia, na jina lake likawa Munshi. Alimfundisha lugha iliyokuwa ikiitwa Kihindustani, yaani Kiurdu, na Malkia akaandika mazoezi na kumbukumbu zake kwa hati ya lugha hiyo hata zikajaa daftari 13. Jamaa za Malkia na maofisa wa nyumba yake walimchukia Munshi kwa rangi yake, kwa asili yake ya chini na kwa majivuno yake, ambayo hayakuwa madogo. Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Mwanawe, Edward VII, aliamuru barua alizomwandikia Munshi zichomwe, na Munshi na jamaa yake warudishwe kwao. Alifariki Agra mwaka 1909.

Habari hizo zilikusanywa na mwandishi Shrabani Basu katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, na Lee Hall akazitungia mswada wa filamu. Filamu inaanza kwa kutangaza kwamba inategemea matukio ya kweli, kisha kwa mzaha inaongeza kiasi: kwa sehemu kubwa. Mzaha huo umewaudhi baadhi ya watazamaji. Kwa haki, ni afadhali mtunzi akiri mapema kwamba atapinda mambo kuliko kuapa kwamba hakupinda lolote. Swali la kuuliza ni mahali gani amepinda, na kwa manufaa ya nani.

Uzuri wa filamu hauna budi kutajwa kabla ya lawama. Judi Dench, anayemwigiza Malkia, amefanya kazi ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Katika karamu ya mwanzo Malkia anakula kwa pupa, mchuzi ukimtiririka, na kila anapomaliza chakula sahani za wageni wote huondolewa, wawe wameonja au hawajaonja. Hakuna hotuba inayohitajika baada ya onyesho hilo. Mtazamaji amekwisha kuelewa utawala ni kitu gani: ni tumbo moja linaloamua njaa ya meza nzima. Pia ameelewa upweke, kwa sababu mtu huyu ambaye wote humngojea hana wa kusema naye. Basi anapoinua macho na kumwona mtumishi mrefu aliyekatazwa kumtazama usoni, lakini anamtazama, furaha yake inasadikika. Ali Fazal, aliyeigiza nafasi ya Abdul, ana uso unaopendwa na kamera, na mwongozaji hakusita kuutumia.

Lakini uso huo ndio karibu yote aliyopewa. Anatabasamu, anasifu, anasimulia habari za Wamoghul na kaburi la Taj Mahal, anabusu miguu. Anataka nini? Aliacha nini Agra? Usiku, mlango ukifungwa, anamfikiriaje huyu mwanamke mzee anayeshikilia nchi yake? Filamu haiulizi. Malkia hupewa hotuba ya kujieleza mbele ya watu wa nyumba yake wanapomtishia kwamba atahesabiwa kuwa mwenda wazimu, na ni hotuba kali, ambamo anataja mwenyewe maradhi na kasoro zake zote. Abdul hana hotuba inayolingana na hiyo.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye jina la filamu, maana msomaji wa Kiswahili huona ndani yake jambo ambalo pengine halionekani London. Abdul si jina kamili. Abd ni mja, na sehemu inayofuata ni lazima imtaje yule ambaye mtu huyu ni mja wake: Abdulkarim ni mja wa Mkarimu, yaani wa Mwenyezi Mungu. Ukilikata jina baada ya silabi mbili, unabaki na “mtumishi wa” na kisha ukimya. Katika jina la filamu, kama katika jina la kitabu, nafasi iliyo wazi inajazwa na yule aliyetajwa kwanza. Mtu aliyezaliwa akiwa mja wa Mungu peke yake amegeuzwa kuwa mtumishi wa Victoria, na ajabu ni kwamba haikuhitajika kuongeza hata herufi moja, kukata kulitosha. Huenda waliolichagua jina hilo hawakuwaza hivyo hata kidogo. Jina halingojei nia ya mwenye kulitumia.

Cheo cha Munshi nacho kina siri yake. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule uliotupatia neno insha. Munshi ni mwenye kutunga, mwenye kuandika kwa ufasaha, naye katika Bara Hindi alikuwa karani au mwalimu wa lugha. Kwa hiyo kijana wa gereza la Agra alipokataa kuendelea kuwa mchukuzi wa sahani na kuomba atambuliwe kwa kazi yake ya kalamu, alikuwa akidai haki ya kutunga, ya kuwa mwenye neno lake. Mtu angetazamia kwamba filamu juu ya mtu wa namna hiyo ingeliweka somo la lugha katikati. Somo lipo, na mwanzo wake ni mzuri: Malkia anainamia karatasi kama mtoto wa shule, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye asiyejua. Kwa muda mfupi ngazi imegeuka, aliye chini anasahihisha, aliye juu anakosea. Kisha somo linapitwa haraka. Kiurdu kinabaki pambo, kama ile kofia mpya aliyoshonewa Abdul. Hata Abdul na Mohammed wanapokuwa peke yao, wawili waliotoka nchi moja, kwa kiasi kikubwa huzungumza Kiingereza ili mtazamaji asichoke. Lugha ambayo mwenye dola alijitaabisha kuiandika katika daftari 13, filamu haikujitaabisha kuisikiliza.

Mtu aliyesoma historia ya Kiswahili katika Katanga hawezi kulitazama somo hilo bila kukumbuka masomo ya namna nyingine. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alichunguza vitabu vidogo vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo ya Kibelgiji waliotaka kujua Kiswahili. Vingi kati ya hivyo vinatawaliwa na kitenzi cha kuamuru: leta, funga, pika, ondoka. Bwana wa nyumba ya Élisabethville alijifunza lugha ya boi wake kiasi cha kumtuma, na aliposikia jibu refu kuliko “ndiyo” alikuwa amekwisha kufika mwisho wa elimu yake. Na neno mtumishi lenyewe, pamoja na mtumwa, limetoka katika kutuma. Victoria hakujifunza Kiurdu kwa nia hiyo. Alikwisha kuwa na watu wa kumpelekea amri kwa kila lugha ya dunia. Alitaka kitu kingine, na daftari zake ni ushahidi kwamba alikitaka kwa bidii. Jambo hilo ni kweli, na ni zuri, na filamu ingeweza kulitumia kuonyesha tofauti kati ya lugha ya amri na lugha ya mazungumzo. Lakini tofauti hiyo isitiwe chumvi. Malkia aliyeandika Kiurdu jioni ndiye ambaye kwa jina lake India ilitozwa kodi mchana, naye alikuwa binamu wa Leopold II, ambaye katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1885, aliimiliki Kongo kama shamba lake mwenyewe. Hakuna mtu anayedai filamu ya mapenzi ya uzeeni ibebe historia yote ya dunia. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba ukumbi mmoja wa Kihindi katika nyumba ya Osborne, wenye nakshi nyeupe za kuvutia, hautoshi kuwa India yote.

Anayeijua hesabu hiyo ndani ya filamu ni mmoja tu, naye ni Mohammed, anayeigizwa na Adeel Akhtar. Huyu ndiye mhusika aliyetungwa vizuri kuliko wote baada ya Malkia. Analalamika juu ya baridi tangu dakika ya kwanza, hataki kubaki, anauliza watarudi lini nyumbani. Lalamiko lake linaanza kama kichekesho na kuendelea kuwa zito. Abdul anapopanda, Mohammed anashuka, hata anakuwa mtumishi wa mtumishi. Kifua chake kinaharibika kwa baridi, na ombi lake la kurudi halisikilizwi na mtu yeyote, hata sahibu yake wa nchi moja. Mwana wa mfalme anapomtaka atoe siri za kumwangusha Abdul, anakataa, na anamjibu kwamba ikiwa Abdul amewachezea Waingereza ndani ya jumba lao, amefanya vema. Ni mara pekee ambapo mtu wa India anasema mbele ya mkubwa wa Kiingereza jambo ambalo halikusudiwi kumfurahisha. Baadaye Mohammed anakufa, Abdul analia kaburini, kisha sherehe zinaendelea.

Kifo hicho kinauliza swali kubwa kuliko yote ya filamu: ikiwa Malkia ni rafiki, kwa nini rafiki hakumwona huyu mwingine aliyekuwa akikohoa nyuma ya mlango? Na ikiwa Abdul alikuwa na sikio la Malkia, kwa nini hakulitumia? Kama Lee Hall angalifuata swali hilo, Abdul angalikuwa mtu mzima, mwenye kosa lake la kubeba. Badala yake anasamehewa kabla hajashtakiwa. Kuna mahali pengine ambapo kosa lake linaonyeshwa, nalo ni pale anapomsimulia Malkia habari za maasi ya mwaka 1857 kwa namna inayowapunguzia Waislamu sehemu yao. Malkia anayarudia maneno hayo mbele ya watu wake, anasahihishwa, anaaibika. Anakasirika na kumwamuru arudi kwao. Kisha anageuza amri. Onyesho hili ni la thamani. Linaonyesha mtumishi akifanya kile ambacho watumishi wote wenye akili wamekifanya mbele ya wenye nguvu, yaani kuchagua ukweli wa kusema. Na linaonyesha waziwazi masharti ya urafiki huu: mmoja anaweza kumfukuza mwenzake kabla ya chakula cha mchana na kumrudisha kabla ya chai. Wa pili hana uwezo hata wa kununa.

Hapo ndipo inafaa kulinganisha na filamu ya Mrs Brown, iliyoongozwa na John Madden mwaka 1997, ambamo Judi Dench huyo huyo alimwigiza Victoria katika miaka ya ujane wake, akiwa na mtumishi wake Mskoti, John Brown, aliyefariki mwaka 1883. Brown, katika uigizaji wa Billy Connolly, anamkemea Malkia, anamwita mwanamke kama angemwita jirani yake, anagombana naye na kumwacha na hasira yake. Ugomvi huo ndio unaomfanya mtazamaji asadiki kwamba kuna urafiki, kwa kuwa rafiki ni mtu ambaye waweza kumkosea heshima na bado ukabaki. Kati ya filamu hizi mbili imepita miaka 20. Mwigizaji ni mmoja, Malkia ni mmoja, na mtumishi wa rangi nyingine amepoteza ruhusa ya kukasirika. Hilo halikuwa lazima. Frears huyo huyo, mwaka 1985, aliongoza My Beautiful Laundrette kwa mswada wa Hanif Kureishi, filamu juu ya jamaa ya Kipakistani mjini London ambamo watu wa asili ya Bara Hindi wana ulafi, ucheshi, tamaa, hila na ndimi kali. Alijua namna ya kuwasikiliza. Safari hii hakupewa mswada wa kusikiliza, au hakuudai.

Watetezi wa filamu husema kwamba Abdul hana sauti kwa sababu barua zilichomwa. Hoja hiyo ina uzito, na onyesho la moto mbele ya nyumba ya Munshi, karatasi zikitupwa na wanaume wenye mavazi meusi ya msiba, linaumiza kwelikweli. Ila hoja haikamiliki. Baada ya kitabu cha Basu kutoka, jamaa za Abdul Karim waliokuwa Karachi walimwonyesha daftari ya kumbukumbu zake, iliyokuwa imehifadhiwa katika ukoo kwa karibu miaka mia moja. Kwa hiyo filamu ilipotengenezwa, neno la mtumishi lilikuwa limekwisha kuokolewa kutoka motoni. Wasomaji wa fasihi ya Kiafrika watakumbuka hapa Une vie de boy, riwaya ya Ferdinand Oyono ya mwaka 1956, inayosimuliwa karibu yote kwa daftari za boi Toundi. Toundi naye alidhani kwamba kumtumikia mkubwa wa Wazungu kungemwinua. Anaanza kwa kuona fahari, na mwisho ameona mno, na kwa sababu ameona mno anaangamizwa. Kinachomweka hai ni kwamba yeye ndiye anayeandika, na mabwana ndio wanaoandikwa. Oyono alibuni daftari kwa sababu alijua nguvu yake. Hall hakuhitaji kubuni; aliyonayo haikutumika kuijenga hadithi, na filamu ikabaki ndani ya macho ya Malkia.

Basu ameeleza kwamba katika baadhi ya barua zake Victoria alijitia sahihi kama mama yake Abdul, na pengine kama rafiki yake wa karibu kabisa. Katika filamu maneno haya mawili yanachukuliwa kuwa kitu kimoja. Kwa mtu aliyelelewa katika lugha zetu si kitu kimoja. Mama ana haki ya kutuma, na mtoto hana haki ya kukataa. Mtoto humwamkia mama kwa heshima hata kama amempita kwa elimu. Urafiki huanza mahali ambapo amri imekwisha. Yawezekana Malkia alichagua neno mama kwa sababu ndilo pekee lililomwezesha kupenda bila kushuka. Kama ndivyo, alikuwa mwerevu kuliko filamu iliyotengenezwa kwa heshima yake, kwa maana alitambua ukomo wa nafasi yake na kutafuta neno la kuukaa.

Onyesho la mwisho liko Agra. Malkia amekufa, barua zimekuwa majivu, Mohammed amebaki katika udongo wa Uingereza. Abdul, sasa ndani ya nchi yake, anaifikia sanamu kubwa ya Victoria, Taj Mahal ikionekana, anazungumza nayo kama mtu anayemsimulia mwenzake habari za siku, kisha anainama na kubusu miguu ya jiwe. Filamu iliingia kwa busu la miguu, inatoka kwa busu la miguu. Mara ya kwanza busu hilo lilikuwa ujasiri, kwa kuwa mtumishi alikatazwa hata kutazama, na mtazamaji alicheka pamoja naye. Mara ya pili hakuna amri, hakuna mlinzi, hakuna Malkia wa kufurahishwa. Yuko huru, nyumbani kwake, na kamera inamtaka tena apige magoti. Frears analipiga picha onyesho hilo kwa mwanga wa dhahabu, na muziki wa Thomas Newman unapanda. Sanamu imeelekeza macho mbele, juu ya kichwa chake.